Kupiga kambi K'gari mkiwa kundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu turudi kutoka K'gari, ujumbe hauishi. Kila anayepanga kuizunguka Australia na begi mgongoni anataka kujua habari za kile kisiwa cha mchanga, na wengi wanauliza yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye magari mawili, tukalala usiku tatu, na wengi wetu tulifahamiana asubuhi ileile ya kuondoka. Kwa hiyo majibu haya yanamfaa mtu anayekwenda na kundi, tena kundi la watu asiowajua vizuri.

K'gari ndiyo ileile Fraser Island?

Ndiyo. Kisiwa kiko pwani ya Queensland, mashariki mwa Australia, ng'ambo ya mji wa Hervey Bay. Jina la Fraser lilitokana na Eliza Fraser, mke wa nahodha, aliyenusurika baada ya meli yao kuvunjika mwaka 1836. Wenyeji wake, watu wa Butchulla, walikuwa na jina lao la K'gari tangu zamani, na Juni 2023 serikali ya Queensland ililirudisha rasmi. Ramani na vitabu vingi bado vina jina la zamani, kwa hiyo usishangae ukikutana na yote mawili.

Herufi K haitamkwi. Kinachobaki mdomoni kinakaribia sana neno letu "gari". Ukilisikia kwa mara ya kwanza utacheka, lakini ni kweli pia kwamba bila gari hapo hufiki mbali.

Kweli chote ni mchanga?

Karibu chote. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya mchanga duniani: urefu wake ni kama kilomita 120, na baadhi ya vilima vyake vinapita mita 200. Mchanga huo uliletwa na mikondo ya bahari kutoka kusini kwa mamia ya maelfu ya miaka. Miamba ya kweli ipo sehemu chache tu, hasa kwenye rasi za kaskazini.

Kilichonishangaza mimi ni msitu. Unaingia ndani ya kisiwa ukitarajia jangwa, unakuta miti minene mirefu kama nguzo, vijito vya maji meupe visivyotoa hata sauti, na makangaga makubwa yaliyoinama juu ya maji. Yote hayo yameota mchangani. Kuvu wanaoishi kwenye mizizi ndio wanaoisaidia miti kupata virutubisho, na kila jani linaloanguka linarudi kuwa chakula. Miti hiyo ilikatwa kwa zaidi ya karne moja, hadi ukataji uliposimamishwa mwaka 1991. Mwaka uliofuata, 1992, UNESCO iliingiza kisiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Twende mwezi gani?

Mwezi wowote unafaa, ila jiepushe na likizo za shule na Pasaka, kwani kambi hujaa pomoni. Juni hadi Agosti usiku una baridi ya kweli, chukua mfuko wa kulalia wenye joto. Kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Novemba nyangumi huingia Hervey Bay na mnaweza kuwaona mkiwa juu ya rasi. Desemba hadi Machi ni joto, mvua, na mara nyingine dhoruba.

Tuajiri kiongozi au tujiendeshe wenyewe?

Njia ya kawaida kwa makundi ya vijana ni msafara: gari la mbele linaendeshwa na mwongozaji, nyinyi mnafuata nyuma kwa zamu kwenye magari yenu. Hiyo ndiyo tuliyochagua na ningeichagua tena. Kama ndani ya kundi hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha kwenye mchanga laini, msijaribu ushujaa. Huko nyuma vijana wamepoteza maisha kwa magari kupinduka ufukweni, na masharti ya kukodi gari yakakazwa kwa sababu hiyo.

Lazima gari liwe la 4x4 lenye tumbo la juu. Gari dogo la kawaida halivuki hata mita mia za kwanza baada ya kivuko.

Kuendesha ufukweni ni vigumu kiasi gani?

Sio vigumu. Ni rahisi mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Ufukwe wa mashariki, wanaouita 75 Mile Beach, ni barabara halali kabisa: mikanda hufungwa, polisi hupima pombe, na mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa. Ndege ndogo nazo hutua humohumo, kwa hiyo ukiona ndege inashuka mbele yako, pisha. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mchanga mbichi unakuwa mgumu kama sakafu. Dereva anajisahau, anaongeza mafuta, na ghafla anakutana na kijito kilichokata ufukwe usiku. Kutoka mbali huoni kitu. Ukikaribia unakuta ngazi ya mchanga ya kimo cha goti, na pua ya gari inakwenda kugonga pale. Dereva wetu wa pili aligundua hivyo akiwa kwenye kilomita 50 tu, na masanduku yote ya nyuma yalihamia mbele.

Sasa kuhusu maji, na hapa naomba usome taratibu. Ratiba yenu haitapangwa na saa ya kuamka, wala na hamu ya kifungua kinywa. Itapangwa na maji kujaa na kupwa. Kanuni ni kutokuwa ufukweni kwa muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa na saa mbili baada yake. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake inasogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo njia mliyopita saa nne asubuhi leo, kesho kutwa saa nne huenda maji yakawa bado hayajaachia vizuri. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda zaidi na kuacha mkanda mwembamba wa mchanga laini kati ya mawimbi na vilima, mahali ambapo hakuna pa kugeuzia.

Tulichofanya: tuliandika saa za maji kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, tukakibandika juu ya dashibodi ya kila gari. Mambo mengine yote yakapangwa kuzunguka kile kipande cha boksi.

Halafu maji ya chumvi. Usicheze na mawimbi ili upate video. Mikataba mingi ya kukodi haimlindi aliyeingiza gari baharini, na chumvi inaanza kazi yake siku ileile.

Gari likinasa tufanye nini?

Acha mafuta kwanza. Kosa la kila mtu ni kukanyaga zaidi, na kila unavyokanyaga, tairi inajichimbia kaburi. Shukeni wote. Mzigo wa watu sita ukiondoka, mara nyingine gari linatoka lenyewe.

Likikataa, chukueni beleshi na kuondoa mchanga mbele ya kila tairi na chini ya tumbo, hadi uone mwanga upande wa pili. Punguzeni upepo wa tairi. Sisi tulikuwa tumeshashusha kutoka psi 36 hadi 20 tulipotoka kwenye kivuko, na bado kwenye njia moja ya ndani gari la nyuma lilizama. Tuliupunguza tena kidogo, dereva akaweka gia ya chini, akarudi nyuma kwa kufuata nyayo zake mwenyewe badala ya kulazimisha kwenda mbele. Likatoka kwa mlio wa taratibu kama mtu anayekoroma. Tairi yenye upepo mdogo hutanuka na kukanyaga eneo kubwa, ndiyo siri yenyewe. Ila tairi laini haipendi kona kali wala mwendo wa kasi.

Njia za ndani mwendo wake ni kilomita 30 kwa saa, na kwa kweli hutaufikia.

Hema tupige wapi? Kuna vibali?

Vibali viwili, na vyote hununuliwa kabla ya kuvuka: cha gari na cha kulala. Vinatolewa na idara ya hifadhi ya Queensland, kwa kuwa sehemu kubwa ya kisiwa ni hifadhi ya taifa. Mkienda na msafara, ulizeni kama vimo kwenye bei.

Kambi ziko za aina mbili. Zile zilizozungushiwa uzio wa kuzuia dingo (mbwa mwitu wa huko), kama Dundubara, Central Station na Waddy Point, zina vyoo na maji. Nyingine ni vipande vilivyoruhusiwa nyuma ya ufukwe, bila uzio wala chochote. Kundi lenye watoto, au watu ambao hamjui tabia zao wakishakunywa, liende kwenye uzio bila mjadala.

Na msipige hema juu ya majani ya vilima vya mbele. Yale majani ndiyo yanayoshika mchanga usitembee.

Hema linasimamaje kwenye mchanga?

Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havifai kitu. Mmoja wetu alivipigilia vyote kwa ufundi mkubwa, upepo wa kusini-mashariki ukaja jioni, tukamkuta amekumbatia hema kama mtu anayezuia ng'ombe. Tumieni vigingi virefu na vipana vya mchangani. Msipokuwa navyo, jazeni mfuko mchanga, ufungeni kamba, uzikeni kwa kina cha mkono hadi kiwiko na mkanyage juu yake. Hauondoki huo.

Mlango usielekee upepo unakotoka. Wekeni mkeka nje na sheria ya kukung'uta miguu. Hata hivyo mtalala na mchanga. Zipu zitaanza kulia siku ya pili.

Dingo ni hatari kweli au mnatutisha?

Wengi huuliza swali hili wakicheka. Dingo ni mbwa mwitu wa Australia, na Wabutchulla humwita wongari. Ukimwona kwa mara ya kwanza anafanana na mbwa wa jirani: mwekundu, mwembamba, masikio wima. Wembamba ule ndio unaowaponza watu. Wanamwonea huruma, wanamtupia kipande cha mkate. Dingo aliyezoea mkono wa mtu baadaye huja kudai, na kwa kawaida mwisho wake ni kuuawa.

Mwaka 2001 mtoto wa miaka tisa aliuawa na dingo kisiwani humo. Julai 2023 mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi ufukweni alivamiwa na kundi lao na kuumizwa vibaya. Kwa hiyo msikimbie ufukweni, hata kama ni mazoezi. Tembeeni wawili au zaidi, mkiwa na fimbo. Mtoto asiwe mbali na mkono wako, na usidanganyike kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili ameshakuwa mkubwa.

Akikusogelea: simama wima, mtazame, kunja mikono kifuani, rudi nyuma polepole, ita wenzako kwa sauti ya kujiamini. Mkiwa wawili, simameni mgongo kwa mgongo. Usimpungie mikono na usimpe mgongo.

Wetu tulimwona alfajiri ya pili. Nilikuwa nimeketi nasubiri maji yachemke, nikahisi naangaliwa. Alikuwa hatua kama kumi, ametulia, hana haraka yoyote. Tulitazamana. Kisha akapita nyuma ya hema la tatu, akachukua kiatu kimoja cha mwenzetu kilichoachwa nje, akaondoka nacho kwa mwendo uleule wa kutembea. Kiatu hatukukipata. Mwenye kiatu alimaliza safari na kandambili.

Chakula tukitunze vipi?

Ndani ya gari lililofungwa, au kwenye sanduku gumu lenye kufuli. Kamwe si ndani ya hema. "Chakula" hapa ni pamoja na dawa ya meno, sabuni, losheni, takataka, sufuria chafu na lile sanduku la barafu ambalo kila mtu anadhani linajifunga lenyewe. Dingo hufungua sanduku la barafu. Faini za kumlisha, hata kwa uzembe wa kuacha chakula wazi, ni kubwa.

Pikeni vitu vya chungu kimoja na mle mara moja. Upepo ukianza, kila sufuria isiyo na kifuniko inapata kitoweo cha mchanga. Maji ya kunywa bebeni yenu, lita nne hadi tano kwa kila mtu kwa siku, yakiwa kwenye madumu madogo kadhaa badala ya dumu moja kubwa, ili moja likipasuka msife kiu. Vijiji vichache vya kisiwani, kama Eurong na Happy Valley, vina maduka na mafuta, lakini bei ni za kisiwani.

Tunaweza kuwasha moto?

Fikirieni kwamba hamwezi. Moto wa kuni unaruhusiwa tu kwenye sehemu maalumu zilizojengwa katika kambi chache, kwa mbao mlizokuja nazo, na usiwe umepigwa marufuku siku hiyo. Kuokota kuni kisiwani hakuruhusiwi. Jiko la gesi linatosha.

Sababu ipo wazi. Oktoba 2020 moto mmoja wa kambi uliowashwa kinyume cha sheria ulitoroka, ukawaka kwa wiki nyingi na kula zaidi ya nusu ya kisiwa. Na mtu yeyote asiwadanganye kwamba moto unazimwa kwa mchanga. Mchanga unaficha makaa na kuyatunza kama blanketi. Saa kadhaa baadaye mtoto anapita peku na kuungua unyayo. Moto unazimwa kwa maji, unakorogwa, unamwagiwa tena, mpaka uweke kiganja chako pale.

Choo je?

Kwenye kambi zisizo na choo, njooni na choo cha kubebeka. Kama hamna, chimbeni angalau nusu mita, mbali na maji na mbali na hema. Shimo fupi dingo hufukua, na hutapenda kuona anachokileta kambini.

Tuogelee wapi?

Baharini hapana. Upande wa mashariki una mikondo inayovuta, papa, na hakuna waokoaji. Nilikuwa na hamu sana ya yale mawimbi, lakini nilitosheka kulowesha miguu.

Maziwa ndiyo zawadi ya kisiwa. Yapo zaidi ya 40 ya maji ya mvua, yaliyokaa juu ya tabaka la mchanga ulioshikamana na mabaki ya majani, kama maji ndani ya sahani. Boorangoora, au Lake McKenzie, lina mchanga mweupe laini kama unga na maji ya buluu yanayong'aa. Nendeni mapema kabla ya mabasi. Futeni losheni na dawa za wadudu kabla ya kuingia, kwa sababu ziwa halina mto wa kuliosha: mnachokiacha kinabaki. Chakula hakiruhusiwi ufukweni mwa ziwa hilo.

Lake Wabby lina kilima kirefu cha mchanga kinacholimeza ziwa polepole. Kila kundi lina kijana atakayetaka kukimbia kutoka juu na kujirusha majini. Mzuieni. Kuna watu waliovunjika shingo pale.

Eli Creek ni mchezo wa watu wazima kurudi utotoni: unapanda juu kwa njia ya mbao, unaingia kwenye maji baridi yanayofika kiunoni, unajilaza, kijito kinakubeba hadi ufukweni. Tulirudia mara nne. Kaskazini yake kidogo ndipo ilipolala Maheno, meli iliyokuwa ikivutwa kwenda Japani kukatwa chuma, ikatupwa ufukweni na dhoruba mwaka 1935. Itazame ukiwa mbali, kutu imeila na vyuma vinaanguka.

Wadudu?

Pange, hasa miezi ya joto. Wanapenda nguo za rangi nyeusi na buluu, vaeni nyeupe. Jioni kuna usubi.

Kundi halifahamiani. Tutaelewanaje?

Ugomvi wetu wote ulitokana na mambo matatu: vyombo, pombe, na kuamka. Vyombo tulivimaliza kwa zamu za wawili wawili zilizoandikwa siku ya kwanza. Kuhusu pombe, tulikubaliana kwamba dereva wa kesho hanywi leo baada ya chakula cha jioni, maana polisi wanaopima asubuhi hawasikilizi hadithi. Kuamka kulibaki tatizo. Yupo mtu mmoja kila kundi ambaye maji ya bahari yatamsubiri, kwa maoni yake. Siku ya mwisho tulianza kulikunja hema lake yeye akiwa bado ndani.

Pesa za pamoja zishikwe na mtu mmoja, risiti ziwekwe kwenye bahasha, hesabu ifanywe kivukoni kabla ya kutawanyika. Mkishatawanyika, hakuna deni linalolipwa.

Simu inashika? Mtu akiumia?

Mtandao unashika kwa bahati, zaidi karibu na vijiji na juu ya rasi. Namba ya dharura Australia ni 000. 112 nayo inafanya kazi kwenye simu za mkononi. Hakuna hospitali kisiwani, kwa hiyo majeraha makubwa husafirishwa kwa helikopta. Bebeni sanduku la huduma ya kwanza, na mjue kila wakati mko karibu na alama gani ya njia, kwa sababu "ufukweni" kwenye ufukwe wa urefu ule si anwani.

Tunavukaje, na tukirudi tuanze na nini?

Kutoka River Heads, karibu na Hervey Bay, kivuko huchukua nusu saa hadi dakika 50 kutegemea kinakoshukia. Kutoka Inskip, kusini, ni kama dakika kumi tu, lakini mnashukia moja kwa moja mchangani, kwa hiyo tairi ziwe zimeshapunguzwa upepo.

Mkirudi, jazeni upepo kabla ya kuingia lami. Tairi laini kwenye lami hupata moto na kupasuka. Kisha osheni gari kwa chini, si bodi peke yake, kwa maji yasiyo na chumvi, kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani inatosha. Sisi tuliosha kwa dakika ishirini na maji yaliyotoka chini yake bado yalikuwa na rangi ya mchanga. Na kabla ya kurudisha funguo, inueni mazulia ya miguu. Chini ya la dereva wetu wa pili tulipata kile kipande cha boksi cha saa za maji, siku mbili za mwisho zikiwa zimefutika kwa jasho.